Mgeni Siku Mbili: Kuhusu Misamaha ya Kodi kwa Kampuni Kubwa

Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, macho ya Watanzania huelekea Dodoma, ambako Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti. Vyombo vya habari hukimbilia mambo mawili matatu: bei ya bia, bei ya mafuta, mshahara wa mtumishi wa umma. Mimi, kwa sababu ya kazi yangu ya kufundisha sera za umma, nina desturi tofauti. Husubiri kelele zitulie, kisha huchukua Muswada wa Sheria ya Fedha na kusoma vifungu visivyo na mvuto kwa watu wengi: vile vinavyosema nani atasamehewa kodi gani, kwa muda gani na kwa sababu ipi. Naamini kwamba humo ndimo siasa halisi ya nchi inamokaa, kwa kuwa humo ndimo dola huamua nani aubebe mzigo na nani apunguziwe.

Swali ninalotaka kulijadili leo ni la zamani, lakini halijapata jibu linaloturidhisha sote. Je, ni sahihi serikali kutumia misamaha ya kodi ili kuvutia kampuni kubwa? Wapo wanaosema ndiyo bila kusita, kwa hoja kwamba bila vivutio hakuna mwekezaji atakayekuja. Wapo wanaosema hapana bila kusita, kwa hoja kwamba kila msamaha ni wizi. Msimamo wangu hauko katikati kwa ajili ya kuwaridhisha wote. Upo mahali maalumu, nami nitautetea. Msamaha wa kodi ni matumizi ya fedha za umma kama yalivyo matumizi mengine yoyote. Kwa hiyo utolewe mara chache, hadharani, kwa yule ambaye kweli asingekuja bila huo, na siku ya kwisha kwake ijulikane tangu siku unapoanza.

Wahenga wametuachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza inasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili inasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia hii ya pili katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, akisisitiza kwamba katika jamii yetu ya jadi kila mwenye nguvu alitakiwa kufanya kazi. Katika siasa yetu ya uwekezaji tangu miaka ya 1990 tumeirudia sana methali ya kwanza na kuisahau ya pili. Lakini methali hizi hazigombani. Mwenyeji anayemkaribisha mgeni kwa moyo mmoja, asimwambie siku ya tatu ni lini, hajafanya ukarimu. Ameahirisha ugomvi.

Mimi ni mzaliwa wa Nzega. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati mgodi wa Golden Pride, katika eneo la Lusu, ulipozalisha dhahabu yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1998. Ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu kufunguliwa katika zama mpya za uwekezaji nchini. Baada yake ukaja wa Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002 na Buzwagi mwaka 2009. Nakumbuka fahari tuliyokuwa nayo. Nyumba za kulala wageni ziliongezeka mjini, magari ambayo hatukuwahi kuyaona yakapita barabarani, na vijana kadhaa wa rika langu wakapata mgodini ufundi ambao unawalisha wao na watoto wao mpaka leo. Sitakuwa mkweli nikiandika kana kwamba migodi haikuleta kitu. Katika muda usiofika miaka 10, dhahabu iliingia katika safu ya mbele kabisa ya bidhaa tunazouza nje, na Tanzania ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa barani Afrika.

Miaka kama 15 baada ya kuanza, uchimbaji wa Lusu ulifikia mwisho wake, kama unavyofika mwisho wa kila mgodi. Hapo ndipo tofauti ya mgodi na shamba inapoonekana. Pamba ikivunwa mwaka huu, mwakani italimwa tena. Dhahabu ikitoka ardhini, imetoka. Kodi ambayo haikukusanywa wakati mgodi ukifanya kazi haina mwakani wa kuikusanyia. Kwa sababu hiyo, swali la kiasi gani cha kodi tunasamehe katika madini ni zito kuliko katika sekta nyingine yoyote ninayoifahamu.

Tuwatendee haki waliotunga sheria za wakati ule. Nchi ilikuwa imebanwa na madeni ya nje, mashirika mengi ya umma yalikuwa hoi, na wafadhili walikuwa wakisisitiza kwamba mitaji binafsi ndiyo itakayotukwamua. Katika hali hiyo ilitungwa Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997, na mwaka uliofuata Sheria ya Madini ya mwaka 1998. Mrabaha wa dhahabu uliwekwa kuwa asilimia 3. Kampuni iliruhusiwa kuondoa gharama zake zote za mtaji mara moja kabla ya kukokotoa faida inayotozwa kodi, na hasara ya mwaka mmoja kuhamishiwa miaka inayofuata bila kikomo. Juu ya hayo kulikuwa na nyongeza ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya mtaji ambao ulikuwa haujarudishwa.

Nyongeza hiyo inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ni mfano mzuri wa jinsi msamaha unavyoweza kujificha ndani ya hesabu. Tuseme kampuni imewekeza dola milioni 100, na mwisho wa mwaka dola milioni 60 kati ya hizo bado hazijafidiwa na mapato. Sheria ya kawaida ingesema kwamba mwaka unaofuata kampuni inayo haki ya kuondoa milioni 60 kabla ya kutozwa kodi. Nyongeza ya asilimia 15 iliifanya iwe milioni 69. Milioni 9 hizo hazikujenga kitu wala hazikumlipa mtu mshahara. Zilizaliwa na kalamu. Kila mwaka kodi ya mapato ikasogea mbele kidogo. Utaratibu huu ulifutwa kwa mikataba mipya mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini uliendelea kuzilinda kampuni zilizokwisha kutia saini.

Ngazi ya wilaya nayo haikusalimika. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ilikuwa na haki ya kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Mikataba ya baadhi ya migodi mikubwa ilibadilisha ushuru huo ukawa kiasi maalumu kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka. Mgodi unaouza dhahabu ya dola milioni 200 kwa mwaka ungepaswa kulipa dola 600,000 kwa kiwango cha kawaida. Tofauti ya dola 400,000 haionekani kubwa mbele ya mtu wa Hazina jijini Dodoma. Kwa halmashauri ya wilaya ni madarasa, zahanati na visima. Tena halmashauri hiyo haikuwa imekaa mezani wakati mapato yake yakijadiliwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2007 mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini jijini London, na habari hiyo ilipofika bungeni ikawasha moto. Zitto Kabwe, aliyetaka jambo hilo lichunguzwe, akasimamishwa kuhudhuria vikao vya Bunge. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2008. Sheria mpya ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Kisha ukaja mwaka 2017: makontena ya mchanga wa madini yakazuiwa, kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro zikatoa ripoti zake mbele ya taifa zima, na kampuni moja ikapelekewa madai ya kodi yaliyofikia dola bilioni 190. Mrabaha ukapanda hadi asilimia 6, ikaongezwa tozo ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16. Mgogoro ule ulimalizwa kwa makubaliano yaliyotangazwa mwaka 2019, yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga na malipo ya dola milioni 300.

Wenzangu wengi huisoma historia hii kama ushindi wa uzalendo, na wengine huisoma kama hadithi ya kumtisha mwekezaji. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Misamaha ya miaka ya 1990 ilitolewa ili kumhakikishia mwekezaji utulivu. Mikataba ilikuwa na vifungu vilivyoahidi kwamba masharti ya kodi hayatabadilika. Lakini ahadi ambayo wananchi hawaijui, wala wawakilishi wao hawakuijadili, haina mlinzi. Siku wananchi walipoanza kuijua, waliona wametapeliwa, na hakuna karatasi iliyoweza kuzuia hasira yao. Kilichotolewa kama kivutio kiligeuka kuwa chanzo cha misukosuko kwa pande zote mbili. Mwekezaji makini, kama angeulizwa leo, huenda angechagua kulipa mrabaha wa haki tangu siku ya kwanza kuliko kulipa asilimia 3 kisha akaamka siku moja na kukuta deni la mabilioni mlangoni.

Sasa nitoke migodini niingie mtaani. Mdogo wangu ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha huko kwetu. Ana vijana wawili anaowafundisha kazi. Kama walivyo maelfu ya wafanyabiashara wadogo, hulipa kodi ya makadirio kulingana na mauzo yake. Kwa viwango ninavyovifahamu vya miaka ya karibuni, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu za hesabu, hulipa shilingi 100,000. Halalamiki kwamba analipa. Barabara inayopita mbele ya karakana yake anaiona, na umeme anaoutumia anaujua unatoka wapi. Lakini siku moja tulipokuwa tukizungumza juu ya kazi yangu, nilimweleza kwamba kampuni kubwa inapokuja nchini inaweza kuomba ipumzishwe kulipa kodi kwa miaka kadhaa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa kaka, mimi naye wa kumwomba ni nani?"

Nimelibeba swali hilo mpaka darasani, kwa sababu linafichua jambo ambalo vitabu vya uchumi hulieleza kwa maneno magumu. Msamaha wa kodi huenda kwa mwenye uwezo wa kukaa mezani. Kampuni kubwa ina wanasheria, ina wahasibu, ina balozi wa nchi yake, na ina tishio la kuondoka. Mchomelea mageti hana hata kimoja kati ya hivyo. Bajeti ya serikali haipungui kwa sababu mkubwa amesamehewa. Pengo lazima lizibwe na mtu. Atakayeliziba ni yule asiyeweza kuondoka: mfanyakazi ambaye kodi yake hukatwa kabla hajauona mshahara, mnunuzi wa sukari na sabuni anayelipa VAT ya asilimia 18, na mfanyabiashara mdogo.

Tumeona dalili za uchovu wa kundi hili. Mwezi Mei mwaka 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na Waziri Mkuu akalazimika kwenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 walifunga tena. Mwezi huohuo, vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, damu ikamwagika, na Rais Ruto akatangaza kutousaini. Siwezi kusema kwamba misamaha ya kodi kwa kampuni kubwa ndiyo iliyosababisha matukio hayo. Sababu zake ni nyingi. Ninachosema ni kwamba serikali inayotaka kupanua wigo wa kodi kwa wadogo haiwezi kuendelea kuupunguza kwa wakubwa bila maelezo, kisha ikatarajia kutiiwa. Utii wa kulipa kodi hujengwa na imani kwamba jirani yako naye analipa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili. Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi: "Dokta, tusipowasamehe, si watakwenda Kenya au Rwanda? Si heri kenda shika kuliko kumi nenda uje?" Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kulibeza. Ni kweli kwamba majirani zetu wanashindana nasi. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 1990, hutoa miaka 10 bila kodi ya mapato kwa kampuni zilizo katika maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Sisi tuliiga utaratibu huo kwa sheria yetu ya EPZ ya mwaka 2002, nasi tukaweka miaka 10. Rwanda, katika sheria yake ya uwekezaji ya mwaka 2015, iliweka hadi miaka 7 kwa miradi mikubwa ya kuanzia dola milioni 50, na kiwango cha sifuri kwa kampuni ya kimataifa itakayoweka makao yake huko kwa masharti maalumu. Kila mmoja akishusha bei, mwenzake naye hushusha. Ripoti ya mwaka 2012 iliyotolewa na ActionAid pamoja na Mtandao wa Haki za Kodi Afrika ilikadiria kwamba Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa pamoja zilikuwa zikipoteza hadi dola bilioni 2.8 kwa mwaka kutokana na vivutio na misamaha ya kodi.

Lakini je, ni kweli kwamba wawekezaji wanakuja kwa sababu ya misamaha? Benki ya Dunia, ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwa ujamaa, ilichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwauliza wawekezaji wenyewe. Waliulizwa kama wangewekeza hata pasipo vivutio hivyo. Nchini Rwanda asilimia 98 walisema wangewekeza. Uganda asilimia 93, Tanzania asilimia 91, Burundi asilimia 77, Kenya asilimia 61. Yaani hapa kwetu, katika kila wawekezaji 10, kama 9 walikuwa wakipewa zawadi kwa jambo ambalo wangelifanya bila zawadi.

Takwimu ya Kenya isitupite hivihivi, kwani ina funzo lake. Asilimia 61 si asilimia 98. Wapo wawekezaji ambao kodi huwaamulia safari. Hao kwa kawaida ni wale wanaozalisha kwa ajili ya soko la nje na ambao mitambo yao hubebeka: kiwanda cha kushona nguo za kuuza Marekani kinaweza kuwa Athi River leo na kesho kikawa nchi nyingine. Dhahabu haina miguu. Dhahabu ya Geita haiwezi kuhamia Kigali kwa sababu kodi ya huko ni nafuu. Kiwanda cha bia kinachotaka wanywaji wa Dar es Salaam, kampuni ya simu inayotaka wateja wa Mwanza, kiwanda cha saruji ambacho mzigo wake ni mzito mno kusafirishwa mbali, wote hao wanafuata kitu kilichopo hapa na hakipo kwingine. Kuwasamehe kodi ili waje ni sawa na kumlipa mvuvi aje ziwani.

Tukitaka kuona mashindano haya yanapofikia, tuwatazame Wamarekani, ambao majimbo yao hushindana kwa fedha ambazo sisi hatuna. Mwaka 2017 kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba inatafuta mahali pa kujenga makao makuu yake ya pili. Miji na mikoa 238 ilipeleka maombi. Mwaka 2018 kampuni ilichagua sehemu mbili: New York na Arlington katika jimbo la Virginia. New York ilikuwa imeahidi vivutio vinavyokaribia dola bilioni 3. Wananchi na baadhi ya wanasiasa wakapinga, na Februari 2019 Amazon ikajiondoa. Wengi waliomboleza. Lakini kabla mwaka huo haujaisha, kampuni hiyohiyo ilikodi ofisi Manhattan kwa ajili ya wafanyakazi 1,500, bila vile vivutio. Ilikwenda New York kwa sababu watu wenye ujuzi iliowahitaji wako New York.

Virginia ilifanya jambo la busara zaidi. Kiasi kikubwa cha fedha ilizoahidi kampuni kilifungwa kwenye ajira zitakazokuwa zimekwisha kupatikana, na pamoja na hayo jimbo likaahidi dola bilioni 1.1 kwa miaka 20 kwa ajili ya elimu ya teknolojia katika vyuo vyake. Nasema haya kama mwalimu wa chuo kikuu, na nakiri kwamba napendelea upande wangu. Lakini tazama tofauti: kampuni ikihama Virginia, wahitimu wanabaki Virginia. Jimbo la Wisconsin nalo lilikuwa limeiahidi Foxconn karibu dola bilioni 3 mwaka 2017, kwa matarajio ya ajira 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454 na vivutio vya dola milioni 80. Kilichoiokoa Wisconsin ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zile ilikuwa ilipwe baada ya ajira kupatikana. Hata hivyo, serikali za mitaa zilikuwa zimekwisha kutumia fedha zao kununua ardhi na kutayarisha barabara.

Kuna jambo jipya zaidi ambalo, kwa maoni yangu, halijazungumzwa vya kutosha katika Kiswahili. Mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana juu ya kima cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makundi makubwa ya kampuni za kimataifa, yale yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka. Uingereza na nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zilianza kuutumia utaratibu huo mwaka 2024. Maana yake kwetu ni hii: kampuni yenye mama yake katika mojawapo ya nchi hizo ikisamehewa kodi hapa mpaka ikashuka chini ya asilimia 15, serikali ya huko inaweza kudai tofauti hiyo au sehemu yake. Msamaha wetu hapo haumnufaishi tena mwekezaji tuliyekusudia kumvutia. Unakuwa mchango wa mlipakodi wa Nzega kwenye hazina ya nchi tajiri. Kenya imeliona hilo, na mwishoni mwa mwaka 2024 ilitunga sheria ya kuikusanya tofauti hiyo nyumbani kabla haijakusanywa ugenini.

Kwa hiyo tufanye nini? Sipendekezi kufuta vivutio vyote kwa siku moja. Napendekeza masharti manne.

Kwanza, kila msamaha utokane na sheria iliyopitishwa na Bunge na inayomhusu kila anayetimiza sifa, usitokane na mkataba wa kampuni moja wala tangazo la waziri. Tunayo mifano ya namna hiyo. Mwaka 2017 tulipunguza kodi ya mapato hadi asilimia 10 kwa miaka 5 ya mwanzo kwa viwanda vipya vya kuunganisha magari na matrekta, na mwaka 2018 hadi asilimia 20 kwa viwanda vipya vya dawa na vya bidhaa za ngozi. Mtu anaweza kubishana na viwango hivyo, lakini viko wazi, vina mwisho, na Mtanzania mwenye mtaji anaweza kuvidai sawa na mgeni.

Pili, unafuu ufuate kile kilichojengwa, usifuate faida iliyopatikana. Kipindi cha kutolipa kodi humnufaisha zaidi yule anayepata faida kubwa haraka, ambaye ndiye aliyehitaji msaada kidogo kuliko wote. Kinyume chake, kumruhusu mwekezaji aondoe haraka gharama halisi za mitambo na majengo humnufaisha yule aliyemwaga saruji. Tena huondoa ule mchezo ambao watu wa mijini huusimulia kwa kejeli, wa biashara kubadili jina kila muda wa msamaha unapokaribia kwisha.

Tatu, thamani ya kila msamaha iandikwe katika vitabu vya bajeti kama matumizi mengine yanavyoandikwa: aliyepewa, kiasi, sababu, na tarehe ya mwisho. Mwanzoni mwa muongo uliopita thamani ya misamaha yote ya kodi nchini ilivuka shilingi trilioni 1 kwa mwaka. Si yote iliyokwenda kwa kampuni kubwa. Ilikuwemo ya taasisi za dini, ya miradi ya wafadhili na mingineyo. Lakini ukubwa huo, pamoja na kelele za wabunge na za Mkaguzi Mkuu, ndio uliotufikisha kwenye Sheria ya VAT ya mwaka 2014 iliyopunguza misamaha mingi. Hilo linaonyesha kwamba kikionekana, kinajadilika. Kenya hutoa ripoti ya kodi zilizosamehewa tangu mwaka 2021. Hakuna sababu ya sisi kuwa nyuma yake.

Nne, Jumuiya ya Afrika Mashariki iweke mpaka wa pamoja ambao hakuna mwanachama atakayeshuka chini yake. Tumeweza kukubaliana juu ya ushuru wa pamoja wa forodha. Hatushindwi kukubaliana juu ya hili. Ndugu wakigombea mgeni mmoja mlangoni, mgeni ndiye anayepanga bei ya chakula.

Mtu atasema kwamba masharti haya yatatufanya tusivutie. Nadhani ni kinyume chake. Mwekezaji wa kweli huuliza kwanza kama umeme upo, kama bandari inapakua mizigo kwa wakati, kama mahakama itamaliza kesi, kama vijana wa hapa wanajua kazi. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ni vivutio kuliko kifungu chochote cha msamaha. Vyote viwili vimejengwa kwa kodi, na kwa mikopo itakayolipwa kwa kodi. Tukiisamehe kodi ile inayojenga vivutio vya kweli ili tupate vivutio vya karatasi, tutakuwa tunachoma mlango ili tuote moto.

Nami sijamjibu mdogo wangu. Wa kumwomba hayupo, wala haifai awepo. Mchomelea mageti asiwe na ofisi ya kuendea faraghani kuombea kodi yake isamehewe, na mwenye mgodi naye asiwe nayo. Wote wawili wasome sheria moja, iliyojadiliwa mahali pamoja, mbele ya watu walewale. Mgeni akikubali sharti hilo, karibu sana. Tutamwandalia siku zake mbili kwa moyo wote, na jembe ataliona limeegemezwa ukutani tangu usiku wa kwanza.